Herufi Mbili za Kinjikitile

Mwaka wangu wa pili chuoni niliandika insha kuhusu Vita vya Majimaji nikapata A. Siitaji A hiyo kwa kujisifu. Inanitia aibu, na sababu nitaieleza huko mbele. Katika insha nzima nilimwandika mganga wa Ngarambe kwa jina la "Kinjeketile", na aliyesahihisha hakuweka hata alama ya kuuliza. Kwani angewekea nini? Watanzania wengi wa rika langu tunamwita hivyo, maana tulikutana naye kwenye tamthilia ya Ebrahim Hussein kabla hatujakutana naye kwenye historia. Lakini fungua kijitabu cha Gilbert Gwassa na John Iliffe cha mwaka 1968, kile kilichokusanya kumbukumbu za wazee wenyewe, utakuta mtu anaitwa Kinjikitile Ngwale. Njiani kutoka midomo ya wazee hadi jukwaani, "i" mbili zimegeuka "e" mbili. Na aliyeshinda ni wa jukwaani.

Herufi hizo mbili zilinirudia mwaka jana, nilipoalikwa na chuo kimoja cha hapa Dar kufundisha kwa majuma machache wanafunzi wa uandishi wa habari. Somo lenyewe waliliita "usimulizi wa majukwaa mengi". Jina zito, lakini maana yake nyepesi: unachukua kisa kimoja unakipitisha kwenye sauti, kwenye maandishi, kwenye picha, kwenye igizo, na mwanafunzi anajifunza kwa kukibeba mwenyewe kutoka chombo kimoja hadi kingine. Mratibu aliniambia kwenye simu kwamba ni mbinu mpya kabisa, imetoka Marekani. Nikasema sawa. Nilipokata simu nikacheka peke yangu. Mbinu hiyo ilishafanyika Mlimani, pale pale nilikosomea, zaidi ya nusu karne iliyopita, bila projekta wala bando, na kisa chenyewe kilikuwa hicho hicho cha Majimaji.

Hebu turudi kidogo. Chuo kilifunguliwa Oktoba 1961 kama chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha London, kikaanzia kwenye jengo la TANU pale Mtaa wa Lumumba, na mwaka 1964 kikahamia kilimani. Idara ya Historia ilikuwa chini ya Terence Ranger, na shida iliyomkabili yeye na wenzake ilikuwa ya kweli kabisa: nchi imepata uhuru, vijana wamekaa darasani wanataka kufundishwa historia yao, lakini karatasi karibu zote zimeandikwa na waliowatawala. Ukitaka kufundisha Majimaji kwa kutegemea nyaraka peke yake, unafundisha Majimaji ya Gavana Götzen, ambaye aliandika kitabu kizima kuhusu vita ile, kikatoka mwaka 1909. Humo utapata tarehe, vikosi, maofisa, mizigo. Sauti ya Mmatumbi huipati, labda akiwa anahojiwa kabla ya kitanzi.

Kulikuwa na utenzi, hilo tusilisahau. Abdul Karim bin Jamaliddini wa Lindi alitunga utenzi wa vita hiyo, na mwaka 1957 Kamati ya Kiswahili ya Afrika Mashariki iliutoa pamoja na tafsiri ya Whiteley. Kwa hiyo kabla ya mwanafunzi yeyote wa chuo kikuu kufika Umatumbi, kisa kilishavaa vazi la kishairi. Lakini ni ushairi wa mtu wa mjini, wa pwani, ambaye hakuwapenda waasi. Nao ni ushahidi, ila wa upande mmoja.

Halafu kuna jambo la Oktoba 1966. Wanafunzi waliandamana hadi Ikulu kupinga masharti ya kujiunga na Jeshi la Kujenga Taifa. Mwalimu Nyerere alikasirika, na zaidi ya mia tatu wakarudishwa makwao. Miezi michache baadaye likaja Azimio la Arusha. Wasomi wa Mlimani walijikuta wanatazamwa kama kundi lililojitenga na watu walioligharamia. Ukiyakumbuka hayo, kitendo cha Idara ya Historia cha mwaka 1968 kinapata uzito mwingine: iliwatuma wanafunzi wake, wakati wa likizo, waende wilaya za kusini wakae mbele ya wazee na madaftari, waulize vita ilikuwaje.

Vilivyotokana na safari zile ni makaratasi yaliyopigwa taipu na kudurufiwa, kila moja na namba yake inayoanza na herufi MMRP, kifupi cha mradi wenyewe. Songea, Njombe, Masasi, na kwingineko. Nakala zimo Mlimani, kitengo cha East Africana. Nilizisoma nikiwa nimeshamaliza shahada na sina tena mtihani, ambao ndio wakati mzuri wa kusoma. Kinachokugusa si hitimisho za wanafunzi wale. Hitimisho zao ni za vijana wa miaka ishirini na kitu, zina haraka. Kinachokugusa ni pale kalamu inapojikwaa: mzee kasema jambo ambalo swali halikuliomba, na mwanafunzi kaliandika tu, kwa sababu alikuwa na adabu.

Kisa chenyewe, kwa yule ambaye shule imemtoka kichwani, ni hiki. Mwaka 1904, pale Ngarambe, mtu mmoja alichukuliwa na pepo Hongo, akaburuzwa kwa tumbo hadi kwenye kidimbwi cha mto, akazama. Ndugu zake wakalala ukingoni. Kesho yake akatoka mzima, nguo kavu. Akaanza kugawa maji, yaliyochanganywa na mafuta ya mbarika na punje za mtama, ambayo yangezigeuza risasi za Wajerumani kuwa maji. Watu wakamiminika kwake. Julai 1905, huko Nandete kwenye vilima vya Umatumbi, watu waking'oa mashina ya pamba ya serikali, na vita ikaanza. Kinjikitile alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti mwaka huo huo, vita ikiwa bado mbichi. Iliendelea bila yeye hadi 1907.

Kuna neno moja katika kumbukumbu zile ambalo mimi kama mwandishi wa habari nalionea wivu: njwiywila. Ni neno la Kimatumbi, na wazee walilieleza kuwa ni kupashana habari kwa siri, kwa mnong'ono. Mtu anakuja kwako usiku, anakunong'oneza habari za mganga wa Ngarambe, nawe unakwenda kumnong'oneza wako. Hakukuwa na barua wala ngoma ya mbiu. Kabla ya Majimaji kuwa vita, ilikuwa hadithi inayotembea mdomo kwa sikio, na kila aliyeipokea alitakiwa kuipeleka. Kisha ikageuka kuwa safari ya kwenda Ngarambe, kisha mazoezi ya kijeshi yaliyoitwa likinda, kisha shina la pamba mkononi. Hicho nacho ni kisa kilichohama chombo hadi chombo, na hakuna profesa aliyekifundisha.

Basi. Wanafunzi wamerudi Mlimani na madaftari. Wamehoji kwa Kiswahili na kwa lugha za huko, wakaandika ripoti zao kwa Kiingereza. Hapo ndipo palipomwagika tone la kwanza. Mzee wa Kipatimu aliyeeleza kwa Kimatumbi angehitaji mjukuu msomi amfafanulie maneno yake mwenyewe. Kijitabu cha Gwassa na Iliffe nacho kiko kwa Kiingereza, kilichapwa Nairobi. Ni kazi kubwa, nadhani hakuna kitabu kidogo kilichofanya kazi kubwa kama hiyo katika historia yetu. Lakini kama chuo kingeishia hapo, Kinjikitile angebaki mali ya maktaba.

Chuo hakikuishia hapo, maana katika kilima hicho hicho alikuwapo kijana mzaliwa wa mwambao wa kusini, akisoma sanaa za maonyesho. Ebrahim Hussein aliichukua habari iliyotafitiwa na watu wa historia akaigeuza tamthilia, kwa Kiswahili, ikachapwa mwaka 1969. Angalia tarehe: mwaka mmoja tu baada ya kijitabu. Leo kati ya idara mbili za chuo kimoja karatasi inaweza kuchukua mwaka kuvuka korido.

Hussein mwenyewe aliwaonya wasomaji kuwa Kinjeketile wake si picha kamili ya yule wa historia. Ni kiumbe cha ubunifu. Mimi nazisoma zile herufi mbili kama sehemu ya onyo hilo. Na tofauti si ya herufi tu. Kinjeketile wa jukwaani, akiwa amepandwa na pepo, anawaambia watu waungane wamfukuze Mtu Mwekundu, na kwamba wakishashinda watakuwa chini ya Seyyid Said. Akizinduka akaelezwa alichosema, anashtuka. Watapigana wafe ili wabadilishe bwana? (Seyyid Said, kwa taarifa yako, alikuwa amekufa tangu 1856.) Anaanza kulitilia shaka neno lililotoka kinywani mwake mwenyewe. Lakini neno limeshatoka, watu wamelishika, hawamngoji tena aliyelisema. Anawaomba wasubiri, hawataki. Na mwisho, akiwa kifungoni, Mjerumani anamtaka akiri kuwa maji yalikuwa uongo, naye anakataa, ingawa anajua yaliyotokea.

Hayo hayamo kwenye ripoti yoyote ya MMRP wala hayawezi kuwamo. Hakuna mzee aliyekaa ndani ya kichwa cha Kinjikitile. Daftari linaweza kukuambia watu waliamini nini. Jukwaa ndilo lililoweza kuuliza: na yeye je, aliamini? Ndiyo maana siwaungi mkono wanahistoria wanaoguna kwamba Hussein aliharibu kumbukumbu. Aliongeza swali ambalo historia ilikuwa haina chombo cha kulibebea. Tena alilirudisha kwa Kiswahili, ambacho hata kama si Kimatumbi, mzee wa Kipatimu angekaa akatazama akanung'unika kwamba haikuwa hivyo. Kitabu cha Kiingereza hakuweza hata kukinung'unikia.

Baada ya hapo mambo yalikwenda mbali na kwa haraka. Tamthilia ikawa kitabu cha kiada, vizazi kwa vizazi vya sekondari vikaikariri, Tanzania na Kenya. Idara ya sanaa Mlimani nayo iliugeuza mkondo kabisa: kuanzia mwanzoni mwa miaka ya themanini, Penina Mlama, Amandina Lihamba na wenzao walikwenda vijijini, Malya kule Mwanza, Bagamoyo, Msoga, wakakaa na wanakijiji kutafiti shida zao na kuziigiza kwa ngoma na michezo yao wenyewe. Hapo mwanafunzi hakwenda kuchukua hadithi airudishe kilimani. Hadithi ilibaki na wenyewe. Mwaka 1996 wakaanzisha Tuseme kwa wasichana wa sekondari. Inastahili insha yake peke yake na sitaifanyia haki hapa.

Ninachotaka kukaa nacho ni malalamiko, maana yapo, na yana haki. Kuanzia miaka ya tisini, wanahistoria kama Thaddeus Sunseri, Jamie Monson na Felicitas Becker walirudi kwenye Majimaji wakaonyesha kwamba mradi wa 1968 ulikwenda kusini na jibu mfukoni. Nyerere alishasema mbele ya Umoja wa Mataifa mwaka 1956 kwamba watu wa Majimaji walipigana kwa kutokubali haki ya mgeni kuwatawala. TANU ilikuwa na babu sasa. Ranger naye alikuwa ameandika juu ya uzi unaounganisha upinzani wa mwanzo na vyama vya uhuru. Kwa hiyo mwanafunzi alipofika kwa mzee, maswali yake yalikuwa yanatafuta umoja wa makabila, mpango, viongozi, sababu za kisiasa. Mzee akisema "sisi tulikuwa na ugomvi wetu na jumbe wa jirani", hilo liliandikwa kama kiini cha pembeni, au halikuandikwa. Sunseri alipouchunguza Uzaramo alikuta mambo ya njaa, ya nguruwe mwitu wanaomaliza mashamba wakati wanaume hawapo, ya wanawake kulazimika kushika nyumba na kufanya maamuzi. Majimaji yenye nguruwe! Sisi shuleni hatukuwahi kumwona hata nguruwe mmoja.

Na njaa ndiyo hasa iliyoua. Serikali ya Wajerumani ilitaja vifo 75,000. Gwassa alikadiria kati ya 250,000 na 300,000. Wengi wao hawakupigwa risasi. Jeshi lilichoma vijiji, maghala na mashamba kwa makusudi, na afisa mmoja wa Kijerumani aliandika waziwazi kwamba ni njaa tu itakayowafanya watii. Maeneo mazima yalibaki matupu, pori likarudi, wanyama wakarudi. Ngarambe yenyewe leo ni kijiji kinachopakana na hifadhi. Watalii wanapita karibu wakitafuta tembo.

Sasa nirudi kwenye ile A yangu.

Nilipoandika insha ile nilikuwa naishi Temeke kwa bibi yangu, mzaa mama. Bibi alikuwa Mmatumbi wa huko huko Kipatimu, alikuja Dar akiwa mke kijana. Mama yake alikuwa mtoto wa miaka kama saba wakati wa vita. Nyumbani kwetu kulikuwa na msemo, mtoto akibakiza ugali kwenye sahani, Bibi alisema, "Nyie hamjala ming'oko ya Mdachi." Tulikua nao, tukawa tunataniana nao, hata sasa dada yangu huwaambia watoto wake waliozaliwa Mbezi na hawajui ming'oko wala Mdachi. Ming'oko ni mizizi ya porini, watu wa Lindi na Mtwara wanaifahamu. Mdachi ni Mjerumani. Sikuwahi kuunganisha. Nilikaa chumbani, ukuta mmoja na Bibi, nikaandika kurasa kumi na mbili juu ya Majimaji nikinukuu vitabu sita, na yeye upande wa pili anasikiliza redio. Hakuna aliyenikataza kumuuliza. Ila hakuna pia aliyeniambia kwamba kumuuliza ni sehemu ya somo. Alifariki mwaka 2014. Nilianza kusoma makaratasi ya MMRP mwaka uliofuata, nikakutana na wazee wanaoeleza walivyochimba mizizi msituni baada ya maghala kuchomwa, na nikasimama pale maktaba kama mtu aliyepigwa kofi.

Wale wa 1968, pamoja na majibu yao ya mfukoni, walitumwa. Mimi nilisomeshwa na chuo kile kile, miaka arobaini na kitu baadaye, na hakuna aliyenituma popote zaidi ya maktaba.

Kwa hiyo darasa langu la mwaka jana nililipanga kwa hasira kidogo, nakiri. Wanafunzi walikuwa arobaini na wawili. Niliwaambia kila mmoja atafute mzee katika ukoo wake, amwombe kisa kimoja. Akirekodi kwa simu, aniletee dakika zote, asikate. Kisha akiandike kwenye ukurasa mmoja. Kisha akiigize mbele ya darasa bila karatasi. Na mwisho, kazi ambayo hawakuipenda hata kidogo, aandike orodha ya kila kilichopotea na kila kilichoongezeka kutoka chombo hadi chombo.

Juma la kwanza waliniletea video. Sikuwa nimeomba video. Zilikuwa na kinanda cha huzuni nyuma, maandishi yanayopepea, picha za machweo. Walikuwa mafundi kuliko mimi, hilo halina ubishi. Nikawarudishia zote.

Kijana mmoja babu yake alikuwa kibarua wa mkonge Tanga. Kwenye sauti, babu anacheka tu: alimkimbia nyapara siku moja, akajificha kwenye pipa, akalala humo hadi asubuhi. Kwenye ukurasa, babu alikuwa amemgomea nyapara. Kwenye jukwaa, babu alisimama juu ya meza akawahutubia vibarua habari za uhuru, darasa likapiga makofi. Nikamuuliza hotuba ilitoka wapi. Akaona haya. "Nilidhani hadithi inahitaji kitu kama hicho, dada." Nikamwambia asione haya, kosa hilo lilishafanywa na watu wakubwa, nikawasimulia yote haya ninayokuandikia hapa, kuanzia Ranger hadi nguruwe. Ndiyo siku pekee ambayo hakuna aliyeshika simu. Orodha yake aliyoileta baadaye ilikuwa na kipengele kimoja tu upande wa vilivyopotea: pipa.

Nilijifunza jambo pale ambalo sikulipanga. Nilikuwa nimekuja nikiamini kwamba sauti ndiyo kweli na kila hatua baada yake ni upotevu. Lakini wapo ambao kisa kilipata uhai kwenye ukurasa, kwa sababu mzee alikuwa anarukaruka na mwandishi akapanga. Wapo ambao walielewa walichoambiwa pale tu miili yao ilipolazimika kukifanya. Binti mmoja alikuwa ameandika kwa wepesi kabisa kwamba mama yake mkubwa alitembea kutoka kijiji fulani hadi hospitali ya wilaya na mtoto mgongoni. Alipoigiza, akifunga kanga, akaanza kuzunguka chumba, mzunguko wa tatu akasimama. Akaniuliza, "Kilomita ngapi zile?" Alikuwa hajawahi kujiuliza. Hiyo ndiyo kazi ambayo Hussein aliifanyia historia ya Gwassa.

Nilikirudia Kinjeketile wakati ule, kujiandaa. Katika kumbukumbu yangu tamthilia ile ilikuwa ya wanaume wanaobishana juu ya vita. Nikafungua ukurasa wa kwanza, na nani wanaongea? Wanawake wawili, Bibi Bobali na Bibi Kitunda. Wanaongea habari za chakula, jinsi kilivyo shida kupatikana. Hussein alianza na njaa. Ilikuwapo siku zote, ukurasa wa kwanza kabisa, na mimi na walimu wangu na mitihani yetu tuliiruka kwa sababu swali la mtihani lilikuwa "Jadili nafasi ya Kinjeketile kama kiongozi". Kwa hiyo pengine lawama zangu kwa jukwaa na kwa daftari zilikosa shabaha. Kuna chombo cha mwisho ambacho hatukihesabu, nacho ni yule anayepokea.

Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika Songea, kwenye makumbusho ya Majimaji, akakutana na wajukuu wa Nduna Songea Mbano, akaomba msamaha. Niliitazama kwenye televisheni ya chumba cha habari. Wenzangu walijadili fidia, mafuvu, siasa za ziara. Mambo ya haki kabisa kujadiliwa. Mimi nilikuwa nasikiliza kama atataja maghala.

Kazi ya mwisho niliyopokea darasani ilitoka kwa mwanafunzi mpole, wa viti vya nyuma, ambaye alikwenda Dodoma vijijini kumuuliza bibi yake kuhusu kuhamishiwa vijiji vya ujamaa. Sauti yake ina dakika kumi na moja. Kwa dakika zote hizo bibi anabambua karanga. Unasikia ganda linapasuka, punje inaanguka kwenye ungo. Mjukuu anauliza swali, karanga zinaendelea. Anauliza tena kwa upole zaidi. Kuku. Mtoto analia mbali. Karanga. Wenzake walimwambia hana stori, arudi akamtafute mzee mwingine. Ukurasa wake ulieleza chumba, ungo, mikono ya bibi, basi. Zamu yake ya kuigiza ilipofika, aliketi sakafuni akamimina karanga mbele yake, akaanza kubambua, na alivyoendelea watu wawili wa mstari wa mbele waliteremka wakaketi kumsaidia bila kuambiwa.

Kwenye dakika ya kumi na moja bibi anasema kitu, kwa mara ya kwanza.

"Hicho chombo bado kinawaka?"

"Bado, bibi."

"Kizime basi, nikuambie."

Rekodi inaishia hapo. Kwenye orodha yake, upande wa vilivyopotea, aliacha nafasi tupu ya mistari kama kumi. Nilimpa alama zote. Mratibu alipopitia madaraja aliniandikia kuuliza kazi yenyewe ya mwanafunzi huyo iko wapi, kwa sababu yeye anaona karanga tu. Nikamtumia lile faili tena.